Dondoo muhimu: Kushusha giaboksi ya otomatiki nyumbani

Ardhi ya hapa Mkwaja, pwani, ni mchanga, na mchanga humeza stendi za kuegemezea gari. Tandika mbao nene chini ya kila stendi, lisukume gari uone kama linatikisika, ndipo uingie uvunguni. Jeki peke yake haiaminiki hata dakika moja. Chomoa waya wa hasi wa betri, mwaga oili ya giaboksi. Bolti zilizoliwa na chumvi ya bahari zipulizie dawa ya kutu tangu jana yake.

Kinachowaponza wengi ni konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Kwanza fungua bolti zinazoishika kwenye flaiwili, moja moja, ukizungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki. Iegemeze injini, kisha giaboksi ishuke pamoja na konveta yake, imefungwa waya isichomoke. Msaidizi ni lazima. Mzigo huo si wa kifua cha mtu mmoja.

Wakati wa kurudisha, sukuma konveta huku ukiizungusha mpaka izame kabisa kwenye pampu ya giaboksi. Giaboksi ikigoma kukutana na injini, usiilazimishe kwa bolti: pampu itavunjika. Oili mpya iwe ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari.