Somo la Shamba na Afya: Tulijue Tikiti Maji



Huenda mmeliona sokoni: tunda kubwa, ganda la kijani, nyama nyekundu. Ni tikiti maji. Kwa Kifaransa, pastèque. Halianguki kutoka mtini. Mmea wake hutambaa chini kama wa maboga, na boga na tango ni ndugu zake.

Asili yake ni Afrika. Hupenda jua na joto, ndiyo maana hapa Burundi hustawi zaidi katika tambarare ya Imbo, karibu na ziwa Tanganyika. Gitega na Muyinga ziko juu milimani na usiku kuna baridi, hivyo hukua polepole. Mkijaribu kulipanda shuleni, chagueni mahali penye jua siku nzima, pasipotuama maji, na mtie samadi iliyooza. Msiwafukuze nyuki: ndio wanaopeleka chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Wasipofika, matunda hayashiki.

LICHUMWE LINI?
Ndizi ikikatwa mbichi huiva nyumbani. Tikiti haliivi tena likishachumwa. Anayeharakisha hupoteza tunda na jasho lake. Tazameni alama hizi:
1. Kijikamba kilichojisokota karibu na kikonyo cha tunda kimekauka.
2. Upande uliolala juu ya udongo umetoka weupe na kuwa wa manjano.
3. Ukiligonga kwa vidole, hutoa sauti nzito.

KABLA YA KULA
Tunda hili hulala chini, penye vumbi na mbolea. Kisu kikipita kwenye ganda chafu, hupeleka uchafu hadi ndani, nasi hatulipiki tukaua vijidudu. Hivyo ndivyo kuhara huingia nyumbani. Kwa hiyo:
- Osha mikono kwa sabuni.
- Osha ganda lote kwa maji safi, kisha kata kwa kisu safi.
- Funika vipande, vile siku hiyo hiyo.
- Usinunue kipande kilichokaa wazi penye nzi. Afadhali mchange pesa mnunue zima.
- Mdogo wako mtolee mbegu, zisimkwame kooni.

Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za tikiti ni maji. Hukata kiu, lakini halichukui nafasi ya maharage na ugali.

MASWALI
1. Kwa nini tuoshe ganda ambalo hatulili?
2. Tikiti na ndizi hutofautiana vipi katika kuiva?
3. Waulize wazazi: kwenu lilipandwa mwezi gani?