Unataka kusomea udaktari wa meno? Uliza haya kwanza

Kijana wa Jambiani akisema anataka kuwa daktari wa meno, chuo kinachotajwa mwanzo ni Muhimbili, Dar es Salaam (MUHAS kwa ufupi). Shahada ya meno ilianza kufundishwa pale mwaka 1979, enzi hizo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masomo ni miaka 5, halafu unakuja mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi. Mzazi apige hesabu ya miaka 6.

Lazima upitie kidato cha sita? Njia kuu ndiyo hiyo: Fizikia, Kemia na Baiolojia, na zote tatu uzifaulu kwa alama kuu. Lakini kufikia kima cha chini si kuchaguliwa, maana nafasi za meno ni chache kuliko za udaktari wa kawaida. Njia nyengine ni kuanza na stashahada ukawa tabibu wa meno, kisha ukaombea shahada. Hapa Unguja, pa kuulizia ni kampasi ya Mbweni ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Sasa chuo chenyewe utakipimaje? Usitishwe na majengo. Kazi ya meno hujifunzwa kwa mikono: mwanafunzi huchonga meno ya nta, hutoboa meno ya plastiki kwenye kichwa cha bandia, hujizoeza kutazama jino la nyuma kupitia kioo kidogo huku kila kitu kikionekana kinyume. Baada ya hapo ndipo anapewa mgonjwa. Basi uliza: viti vya kutibia viko vingapi, na wanafunzi wangapi wanavigombania? Mwanafunzi mmoja hung'oa na kuziba meno mangapi kabla ya kumaliza? Watafute wa mwaka wa nne au wa tano uwaulize wao; ofisi ya udahili itakupa kipeperushi tu.

Ukiahidiwa chuo cha nje, India, China au Uturuki, swali la mwanzo ni nani atakusajili ukirudi. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo inayotambua shahada kwa pande zote mbili. Afya si jambo la Muungano: kufanya kazi Unguja au Pemba unasajiliwa na baraza la madaktari la Zanzibar, na Bara wana lao la Tanganyika. Waandikie TCU na baraza kabla hujamlipa wakala hata shilingi. Na lugha je? Mhadhara unaweza kuwa wa Kiingereza, lakini mgonjwa wa China atakueleza maumivu yake kwa Kichina.

Gharama zikoje? Ada ya chuo cha serikali kwa Mtanzania ni nafuu kuliko ya binafsi. Kinachowaelemea wazazi, hasa wanaotegemea mwani na uvuvi, ni chumba, chakula, nauli ya boti na vifaa. Omba mchanganuo wa ada kwa maandishi, na uulize wazi kama vifaa vya kuchongea na kutobolea ananunua mwanafunzi au chuo.

Mikopo ipo: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa Muungano mzima, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar. Ule wa HESLB hulipwa kwa kukatwa 15% ya mshahara. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii; wengi hukwama hapo siku za mwisho.

Maombi ya chuo hupelekwa moja kwa moja chuoni kwa mtandao. Malipo yapite kwenye namba ya malipo iliyotolewa na chuo, si simu ya mtu.

Kabla ya yote hayo, nenda hospitali ya Makunduchi, au panda daladala 309 hadi mjini, Mnazi Mmoja. Omba ruhusa ukae asubuhi moja kitengo cha meno, utazame damu, harufu na watoto wanaolia.