Sauti ya jirani inapita wapi?

*Nyumba yetu mpya hapa Nyamwaga imeshikana na ya jirani. Hata akikohoa tunamsikia. Tufanyeje? Msomaji, Tarime*

Katika nyumba mbili zinazoshirikiana ukuta, sauti mara nyingi hupita juu ya ukuta huo. Tofali huishia usawa wa dari, na chini ya bati hubaki uwazi unaounganisha pande zote mbili. Dari la jipsamu ni jepesi mno kuizuia sauti. Dawa yenye faida kubwa ni kupandisha ukuta hadi kwenye bati na kuziba kila mwanya kwa mota. Plasta nzito pande zote husaidia pia, kwa kuwa uzito ndio unaozuia sauti. Mapazia hupunguza mwangwi tu. Ukuta wenye nyufa ukaguliwe na mhandisi kabla ya kuongezewa tofali.