SOMO: VISIMA VYA ISAKA
Usomaji: Mwanzo 26:1-33



Tukitaja wazee wa imani, tunamsifu Abrahamu aliyeacha nchi yake, na Yakobo aliyeshindana usiku kucha. Isaka tunampita upesi. Lakini kwetu sisi wa Sange, watu wa bonde la Ruzizi, Isaka ni kama jirani: maisha yake yalikuwa shamba, mifugo, maji na ugomvi wa mipaka.

1. IMANI INAPANDA WAKATI WA NJAA
Njaa iliingia katika nchi, na Mungu akamkataza Isaka kushuka Misri. Isaka hakukaa bure akingoja muujiza. Alipanda, na mwaka ule akavuna mara mia (mst. 12). Tena alikuwa na makundi ya kondoo na ng'ombe (mst. 14). Angalieni vizuri: katika nyumba ya baba yetu Isaka, jembe na fimbo ya mchungaji vilikaa pamoja.

2. IMANI INACHIMBA TENA
Wafilisti walimwonea wivu, wakavifukia visima vya Abrahamu. Je, walipata faida gani? Hata ng'ombe wao hawakunywa maji yale. Wivu ni hivyo: unamnyima jirani, na wewe unabaki na kiu.

Mfalme Abimeleki akamfukuza. Isaka akaenda katika bonde la Gerari, akavifukua visima vya baba yake. Kisha wakachimba kipya. Wachungaji wa Gerari wakakigombania, akakiita Eseki, maana yake Ugomvi. Wakachimba kingine, nacho kikagombaniwa, akakiita Sitna, maana yake Uadui. Cha tatu hakikugombaniwa. Akakiita Rehobothi, maana yake Nafasi.

Mtu atauliza: je, huu si woga? Hapana. Mwoga huacha kuchimba. Isaka aliacha kisima, lakini hakuacha kuchimba, kwa kuwa tumaini lake lilikuwa kwa Mungu aliyeahidi, si katika shimo. Wala hakuficha ubaya aliotendewa. Ugomvi aliuita ugomvi. Abimeleki alipomjia baadaye, Isaka alimwuliza uso kwa uso kwa nini anakuja kwa mtu aliyemchukia na kumfukuza (mst. 27). Baada ya neno hilo la kweli ndipo akamwandalia karamu.

3. SISI NI NANI KATIKA HABARI HII?
Kila mmoja wetu akisoma hujiweka mahali pa Isaka. Mlimaji anasema, "Isaka ni mimi." Mfugaji naye anasema, "Isaka ni mimi." Basi wachungaji wa Gerari ni nani? Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, humu humu bondeni mwetu, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengine wakiwa katika ibada. Damu ile haikumpa mtu yeyote nafasi.

Kwa hiyo kila mmoja ajihoji mbele za Mungu: ni kisima gani nimekifukia mimi? Labda ni mfereji wa jirani niliouziba usiku. Labda ni ng'ombe wangu niliowaachia waingie katika mihogo ya mwingine. Labda ni mpaka wa shamba la mjane niliousogeza.

Tena mtu asilitumie somo hili vibaya, kumwambia mnyonge, "Fanya kama Isaka, ondoka." Katika sura hii, aliyefukuza ndiye aliyefunga safari kumfuata aliyefukuzwa. Mwenye nguvu ndiye aliyetembea.

MWISHO
Huko Beer-sheba Isaka alijenga madhabahu, akapiga hema, na watumishi wake wakachimba kisima. Abimeleki akaja, wakala pamoja, na asubuhi wakaapiana. Siku ile ile watumishi wakaleta habari kwamba wamepata maji (mst. 32). Maji na mapatano vilifika siku moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
1. Isaka aliacha nini, na ni nini hakukiacha?
2. Kwa nini alisema ukweli kabla ya kula na Abimeleki?
3. Juma hili nitamwendea jirani gani, kabla yeye hajanijia?

Bwana atupe nafasi katika nchi. Amina.