Kimea cha Ulezi na Vimeng'enya vya Mwili

Mama wa Ufipa anayepika pombe ya ulezi anajua vema kwamba bila kimea hakuna pombe. Pengine hajui kuwa kazi ile ya chunguni hufanyika pia kinywani na tumboni mwake kila anapokula ugali. Wafanyakazi wake huitwa vimeng'enya.

Kimeng'enya ni protini inayotengenezwa na chembe hai za watu, wanyama na mimea ili kuharakisha mabadiliko ya kikemikali. Wanga wa ugali ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana. Katika maji matupu ungekaa muda mrefu mno bila kuvunjika. Kimeng'enya cha mate, amilesi, huanza kuukata mara moja. Kikimaliza pingili moja huenda nyingine, chenyewe hakipungui. Ndiyo maana kiasi kidogo hutosha. Tafuna tonge la ugali mkavu kwa muda bila kumeza, utaonja utamu. Lakini amilesi haikati nyama wala mafuta. Hayo yana vimeng'enya vyake.

Vimeng'enya vyetu hupenda joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Baridi huvichelewesha, na kuchemshwa huviharibu kabisa.

Sasa tuje kwenye bakuli la mtoto. Mkoa wetu wa Rukwa huvuna mahindi mengi, lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 30 kwa mia. Sababu ni nyingi, kuhara kukiwa mojawapo. Nyingine ni uji. Ukiwa mzito mtoto hawezi kuumeza. Mama huongeza maji, na tumbo dogo hujaa maji kabla ya chakula.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walionyesha kuwa kimea hutatua jambo hili. Mbegu inapochipua hutengeneza amilesi nyingi ili kuvunja akiba yake ya wanga.

Loweka ulezi safi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue. Bondeni kwenye Ziwa Rukwa ni siku mbili hivi. Huku Sumbawanga, hasa mwezi wa Juni na Julai, subira inahitajika. Wenye ukungu utupwe. Anika, pukusa machipukizi, saga. Hatushauri mtama kwa kazi hii, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu.

Pika uji mzito wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Epua, ungoje uache kutokota lakini uwe bado moto, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila bakuli. Ukikitia jikoni uji ukichemka, umeua vimeng'enya na uji utabaki mzito vilevile. Akina mama wengi hukosea hapo. Baada ya dakika chache uji hulegea wenyewe. Urudishe motoni uchemke kidogo, kwa ajili ya vijidudu.

Kimea hakiongezi protini ya maana. Maharage yaliyopondwa, yai au dagaa waliosagwa bado vinahitajika katika bakuli hilo hilo, na titi la mama lisiachwe.