Mchanga Kufagia Vumbi

Wenzangu, vumbi la chaki kwenye hadubini tunalipangusa tu. Je, huko Mirihi nani atapangusa? Chombo InSight cha Marekani kilitua huko Novemba 2018, injini zikitimua vumbi. Kamera ya chini ilikuwa na kifuniko kiangavu, lakini kilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limeshapenya hadi kwenye lenzi! Paneli za jua, zilizolisha kipima mitetemeko umeme, hazikuwa na kifuniko wala ufagio. Mwaka wa 2021 wataalamu wakafanya kioja: mkono wa chombo ukamwaga mchanga kando ya paneli. Upepo ukarusha chembe kubwa juu ya paneli, nazo zikadundadunda zikilichukua vumbi. Umeme ukaongezeka wati-saa 30 hivi kwa siku. Basi vumbi likarudi, na Desemba 2022 chombo kikanyamaza.