Dhamana ya Nyongeza ya Kompyuta Mpakato: Hesabu Yake na Mipaka Yake

Mtu anunuapo kompyuta mpakato dukani, iwe Kariakoo au kwingineko, aghalabu huulizwa swali moja baada ya bei kukubaliwa: je, angependa kuongeza fedha kidogo ili dhamana ya mwaka mmoja iwe ya miaka mitatu? Wakati huo mnunuzi amekwisha kuhesabu noti zake, na mara nyingi hujibu kwa hofu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo laweza kujibiwa kwa hesabu.

Hatuna budi kuanza na namna mitambo inavyoharibika. Wahandisi wakichora kiasi cha mitambo inayoharibika katika kila mwezi wa umri wake, mara nyingi hupata mstari wenye umbo la hodhi la kuogea lililokatwa ubavuni: ukingo mrefu mwanzoni, sakafu katikati, na ukingo mwingine mwishoni. Ukingo wa kwanza ni wa kasoro za kiwandani, kama vile lehemu isiyoshika vema au diski iliyotoka na dosari. Kasoro hizi hujitokeza katika majuma na miezi ya kwanza, yaani ndani ya dhamana ya kawaida ambayo gharama yake imo katika bei. Sakafu ni ya hitilafu za nasibu, nazo ni chache. Ukingo wa mwisho ni wa uchakavu. Dhamana ya nyongeza, inayoshika mwaka wa pili na wa tatu, huangukia kwa sehemu kubwa juu ya sakafu ya hodhi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kompyuta inauzwa Sh. 1,200,000, dhamana ya nyongeza ni Sh. 180,000, na tengenezo la wastani hugharimu Sh. 300,000. Tukigawanya 180,000 kwa 300,000 tunapata 0.6. Maana yake ni kwamba, ikiwa kila mashine itatengenezwa mara moja tu, ingelazimu kompyuta 6 katika kila 10 ziharibike katika miaka hiyo miwili, tena kwa hitilafu zinazokubaliwa na mkataba, ndipo wanunuzi kwa ujumla wao warudishiwe walichotoa. Muuzaji naye ameifanya hesabu hii kabla yetu. Huo si ulaghai, kwani bima zote huendeshwa hivyo. Lakini nyumba ikiungua familia hufilisika, ilhali feni ya kompyuta ikikwama hakuna anayefilisika. Mwenye uwezo wa kutunza Sh. 180,000 hizo katika akiba yake amejiwekea bima mwenyewe. Hali ya mwalimu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo, na asiyeweza kupata Sh. 300,000 kwa ghafula, ni tofauti. Kwake dhamana yaweza kufaa, ila asome kwanza yale yasiyomo.

La kwanza lisilomo, mara nyingi, ni betri, nayo ndiyo yenye hakika ya kuchakaa. Betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, hupoteza uwezo kila zinapojazwa na kutumiwa. Nyingi hubakiwa na kama asilimia 80 ya uwezo wao baada ya mizunguko 300 hadi 500. Joto huharakisha uchakavu huo, kwa kuwa kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia hukaribia kuwa maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hapa lugha yetu imetupoteza kidogo: mpakato ni cha kupakatwa, lakini mashine hii ikipakatwa katika mikunjo ya kanga au kuwekwa juu ya godoro, matundu yake ya hewa huziba, na joto humalizia kazi.

Mikataba mingi huacha pia maji au chai iliyomwagika, kioo kilichovunjika, na madhara ya umeme. Kuhusu umeme, chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, hivyo umeme kufifia si tishio kubwa kwake. Hatari ni msukumo wa ghafula umeme unaporudi baada ya kukatika. Kuchomoa chaja wakati huo ni kinga isiyogharimu hata senti.

Mnunuzi aulize pia ni nani hasa anayetoa ahadi. Dhamana ya kiwanda na mhuri wa duka ni mambo mawili mbalimbali. Mhuri hufa duka linapofungwa. Mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo huenda dhamana yake ya kiwanda ilikwisha zamani, au ilihusu nchi ilikouzwa tu. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Lakini mlalamikaji asiye na stakabadhi ana kazi ngumu. Stakabadhi na itaje aina ya mashine, namba iliyochapwa na kiwanda chini yake, na muda wa dhamana. Nayo mashine ijaribiwe palepale: vitufe vyote, bawaba, matundu ya kuchomekea, na betri bila chaja kwa muda wa kutosha.

Hitilafu ikitokea, kitu cha thamani kuliko vyote hakimo katika dhamana yoyote ya kawaida, nacho ni maandishi yaliyomo ndani. Tasnifu ya miaka mitatu yaweza kufutwa na fundi mwaminifu anayefuata utaratibu wa kiwanda wa kubadilisha diski. Kwa hiyo nakala itolewe mapema, mashine ingali nzima. Fundi akisema kuwa bodi kuu imekufa, aombwe kwanza kujaribu chaja nyingine na kupima tundu la kuchajia, kwa sababu dalili ya tatizo hilo dogo, yaani mashine kutowaka kabisa, hufanana na ya lile kubwa. Bei ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, na kipuri kilichotolewa kirudishwe kwa mwenye mashine pamoja na mashine yenyewe.